Wenye magari ya kazi: nimeacha kuwakata madereva hela ya tairi za mashimo, na sijutii

Mleta_Mzigo

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke akasome majibu.

Nasimamia magari 14 ya kusambaza mizigo, vani kumi na malori manne ya kati. Barabara zetu mnazijua, shimo likizibwa huku linafunguka kule, na sina mpango wa kusubiri ziishe. Kwa miaka mingi tulikuwa na sheria moja tu: dereva akipasua tairi au akipinda rimu shimoni, analipa nusu. Tuliamini kitu kikimgusa mfukoni atafungua macho. Na kweli, taarifa za mashimo zikapungua mpaka zikakaribia kwisha. Nikajipongeza, nikaiambia ofisi madereva wamenyooka.

Sasa kuna jioni vani moja ilirudi vizuri, dereva kapaki, kakabidhi funguo, kaaga. Asubuhi nikawa napitisha mkono kwenye matairi, ni tabia yangu tu, natafuta kokoto zilizonasa. Tairi la mbele kushoto, ubavu wa ndani, ule ambao huuoni mpaka uchuchumae. Vidole vikapanda juu ya kitu kama nusu ya yai. Laini, ukibonyeza kinarudi. Nikalala chini na tochi: ukingo wa rimu umepigwa bapa, urefu wa kidole gumba, na kutu imeshaanza pale rangi ilipobanduka. Gari hilo lilikuwa limepangiwa safari ndefu ya barabara kuu siku ile ile, likiwa limejaa.

Nikamuita dereva. Hakubisha. Alilipiga shimo siku nne nyuma, usiku, mvua inanyesha. Nilipomuuliza mbona hukusema, aliniangalia tu kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

Nikaenda kutoa daftari la gereji nikaliweka kando ya daftari la taarifa. Upande huu hakuna mashimo. Upande ule vipuri vya chini ya gari, boljointi, bushi, shokapu inayovuja, tairi limelika upande mmoja, tairi limelika upande mmoja, tena na tena, na fundi wetu kaandika "uchakavu wa kawaida". Kawaida gani kwenye gari ambalo halijamaliza hata seti yake ya kwanza ya matairi?

Kwa hiyo nilibadilisha sheria. Ukipiga shimo ukasema siku hiyo hiyo, hukatwi chochote. Ukificha tukaja kugundua wenyewe, hapo tutaongea lugha nyingine. Taarifa zimejaa sasa hivi, kiasi kwamba mhasibu wangu anadhani madereva wamelogwa.

Nataka kusikia ninyi mnafanyaje. Na mafundi mliomo humu, nisaidieni: gari likipiga shimo, nikague nini kwa mpangilio gani kabla halijatoka tena?

---

Spana_Namba17

Mkuu hiyo nundu uliyoishika, shukuru.

Niwaeleze wasiojua. Ndani ya ubavu wa tairi kuna nyuzi, hizo ndizo zinashika upepo, mpira ni nguo tu. Gari likiingia shimoni, ukingo wa shimo unausukuma ubavu mpaka unabanwa kati ya shimo na rimu, kama kidole kwenye mlango. Nyuzi zinakatika, mpira unabaki mzima. Upepo ukikuta hakuna nyuzi unasukuma mpira nje, ndiyo nundu. Inaweza kutokea hapo hapo, inaweza kutokea baada ya siku kadhaa, kwa hiyo ukaguzi wa mara moja hautoshi. Na haizibwi. Usidanganywe na kiraka cha ndani wala tyubu. Tairi lile limekufa, halifai hata kuwa spea, maana spea ndiyo tairi inayofungwa usiku, porini, na mtu mwenye haraka.

Wanaopigwa zaidi ni wenye upepo pungufu, kwa sababu ubavu unalala kirahisi na rimu inafika chini haraka. Lakini kuna wajanja wanajaza kupita kiasi wakidhani ndiyo kinga. Tairi lililojazwa kama jiwe linapeleka pigo lote kwenye rimu, shokapu na boljointi, na lenyewe linapasuka kirahisi likikutana na ukingo mkali. Fuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kina namba ya gari tupu na namba ya gari lenye mzigo. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, likishatembea tairi limepata joto, namba inapanda na inakudanganya.

Halafu hizi rimu kubwa za urembo kwenye gari la kazi sijawahi kuzielewa. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo. Tairi lenye 225/65 lina ubavu wa milimita 146 hivi. La 225/45 lina 101 tu. Umejinyima kama sentimita nne na nusu za mto ili gari lipendeze likiwa limepaki.

Ukaguzi wangu baada ya shimo hauzidi robo saa. Jeki juu. Pitisha mkono ubavu wa nje NA wa ndani. Shika chaki, iegemeze kwenye kitu kisichotikisika, isogeze karibu na ukingo wa rimu bila kugusa, zungusha gurudumu taratibu. Rimu ikiwa imepinda, chaki itagusa sehemu moja na kuachia nyingine. Rimu ya chuma iliyopinda kidogo inanyooshwa. Ya aloi angalia ufa, hasa kwa nyuma, ikiwa na ufa usiichomelee, itupe. Kisha shika gurudumu juu na chini utikise, halafu kushoto na kulia. Likicheza juu na chini shuku beringi au boljointi, likicheza kushoto na kulia shuku tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu). Angalia shokapu kama imelowa oili, na chungulia sampu (bakuli la oili chini ya injini) kama imekwaruzwa. Mwisho barabarani: usukani umekaa katikati? Gari linavuta? Linatetemeka mwendo ukiongezeka? Kutetemeka mara nyingi ni balansi (uzito wa gurudumu hauko sawa pande zote) au rimu, kuvuta ni alaimenti (mkao wa magurudumu) au tairi lenyewe.

---

Hesabu_Kali

Mleta uzi nakuheshimu lakini umefungua mlango wa wizi. Mimi nina magari machache kuliko wewe na nimeyaona. Dereva anauza tairi zima, anafunga bovu, anakuja na uso wa huzuni "bosi, shimo". Ukisema hakatwi, kesho kila tairi limepigwa na shimo.

---

Mleta_Mzigo

@Hesabu_Kali hoja yako ni ya kweli, na ilinichukua muda kuipatia dawa. Tairi lililokufa linarudi stoo, halibaki kwa fundi wa njiani. Kila tairi ubavuni lina namba inayoanza na DOT, na tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Nimeziandika zote, na siku tunafunga tairi jipya napiga picha. Akileta tairi ambalo namba yake siyo ninayoijua, hapo siyo shimo tena, na kesi yake haihusiani na huu uzi.

Ila nikuulize mkuu, kwa utaratibu wako wa kukata, dereva anayeiba tairi unamkamata vipi? Maana naye analipa nusu tu, na tairi zima kaliuza.

---

Hesabu_Kali

Hapo umenibana. Nitaanza na namba.

---

Usukani_Usiku

Mimi niko upande wa pili wa usukani, nimeendesha vani na lori. Naomba niwaseme mabosi kidogo, mniwie radhi.

Shimo lina namna yake ya kuingiwa. Kosa kubwa ni kukanyaga breki ukiwa tayari ndani. Ukikanyaga, pua ya gari inainama, springi za mbele zinabanwa zote, na ndipo tairi linapogonga ukingo likiwa halina pa kukimbilia. Punguza mwendo kabla, na ukiona huwezi kulikwepa achia breki sekunde ya mwisho, usukani uushike sawasawa, tairi liingie likiwa limenyooka. Ukiingia umekata kona, ubavu ndio unaopigwa.

Mwendo ndio kila kitu. Mwalimu wangu wa udereva alinipigia hesabu sijaisahau: ukitoka 40 kwenda 60 umeongeza nusu tu, lakini nguvu unayoingia nayo shimoni imekuwa mara mbili na robo.

Kukwepa nako kuna ujinga wake. Gari refu lenye mzigo juu, ukilivuta ghafla linapinduka au linakutana uso kwa uso na mwingine. Nimewahi kuona mtu anakwepa shimo la kupasua tairi akaenda kuua watu. Bora tairi. Na usimkalie mwenzako mgongoni, hasa lori, kwa sababu shimo linatokea chini ya tairi zake za nyuma na wewe huna hata muda wa kulitukana. Dimbwi la maji lihesabu kuwa ni shimo mpaka uone mwingine kapita.

Sasa mabosi. Ofisi inapanga safari kwa ramani ya simu. Ramani inasema dakika arobaini. Ramani haijui kwamba kile kipande cha katikati tunapita kwa gia ya pili. Nikifika kwa saa na dakika kumi naambiwa nilikuwa wapi, nikifika kwa dakika arobaini naambiwa mbona rimu imepinda. Chagueni moja. Mkitaka magari yadumu, nipeni muda wa barabara iliyopo, hiyo nyingine mnaijua ninyi na simu yenu.

---

Mleta_Mzigo

@Usukani_Usiku hiyo imenichoma kwa sababu ni kweli. Nilibadilisha sheria ya makato, ratiba sikuigusa. Naenda kuangalia muda halisi ambao magari yanatumia, siyo ule wa ramani.

---

Tani_Kumi

Nyote mnaongelea vani. Ngoja nishushe ya malori.

Lori lina tairi pacha nyuma, na la ndani ndilo yatima, halipimwi upepo kwa sababu vali yake haifikiki vizuri. Sasa la ndani likiwa pungufu, la nje linabeba mzigo wa wawili, likikutana na shimo linakufa. Mnanunua la nje kila siku wakati mgonjwa ni la ndani. Angalieni pia mawe yaliyobanwa kati ya pacha. Jiwe moja la kona kali linazunguka linakata mbavu zote mbili.

Springi za lori ni majani ya chuma yaliyobebana: jani likikatika mara nyingi linakatikia katikati, pale senta bolti inayoyashika pamoja inapopita, au mwishoni. Pita na tochi, ufa mpya unang'aa, wa zamani una kutu. Yubolti, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, zikilegea majani yanacheza, senta bolti inakatika, na ekseli inahama mahali pake. Mkiona lori linatembea kiubavuubavu kama kaa, ekseli imehama, siyo alaimenti ya mbele. Na gurudumu likishafunguliwa kwa sababu ya shimo, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 mpaka 100, maana zinatulia. Wengi wanafunga njiani, wanapiga safari nzima, halafu wanashangaa gurudumu linawapita.

La mwisho ni la kujisema wenyewe. Marekani, jimbo la Illinois, kati ya 1958 na 1960 walijenga barabara za majaribio wakazipitisha malori mchana na usiku mpaka ziharibike. Walichopata ni kwamba uharibifu wa barabara unapanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ukiongeza uzito mara mbili, uharibifu unakuwa kama mara 16. Kwa hiyo yale mashimo tunayoyalaani humu, mengine tumeyachimba sisi tuliozidisha mzigo, na lori lililozidishiwa ndilo lililobakiwa na nafasi ndogo ya springi kulivuka.

---

Kiti_cha_Nyuma

Swali la mtu asiyejua: hivi shimo linatokeaje mpaka jana halikuwepo leo lipo?

---

Tani_Kumi

Linakuwepo, juu tu ndiyo hulioni. Lami inapata ufa, maji yanashuka, udongo wa chini unalainika. Kila tairi zito likipita linalikamua lile tope nje. Mwishowe lami imebaki kama chapati juu ya tupu, siku moja inakatika. Nchi za baridi maji yakiganda humo ndani yanatanuka karibu asilimia 9, yanainua lami yenyewe. Ndiyo maana baada ya mvua kubwa dereva asiamini kumbukumbu yake. Njia aliyoijua wiki iliyopita siyo hiyo.

---

Mkeka_Mweusi

Kuna kampuni moja ya piza, Domino's, mwaka 2018 ilianza kutoa hela kwa miji ya Marekani izibe mashimo, eti piza zisifike zimepondeka. Lilikuwa tangazo la biashara, lakini mashimo yalizibwa kweli. Wakuu wa humu mnaweza kuchangishana zege.

---

Hesabu_Kali

Zege uchange wewe 😂

Swali la maana: vifaa vya kufuatilia gari vyenye kihisi cha mshtuko vinasaidia? Nimeletewa mtu wa mauzo, anasema kila shimo nitaliona kwenye skrini.

---

Mleta_Mzigo

Nimefunga kwenye magari sita. Mwezi wa kwanza nilitaka kukirudisha. Kinapiga kelele kwenye tuta, kwenye reli, hata dereva akibamiza mlango. Mji wa Boston, Marekani, waliwahi kutengeneza programu ya simu ya kunasa mashimo, Street Bump, nao wakakuta inawapelekea vifuniko vya mashimo ya maji taka kwa wingi. Tatizo ni lile lile.

Kilichonisaidia ni mambo mawili. Mshtuko mmoja wa gari moja naupuuza, lakini magari matatu yakilia mahali pale pale ndani ya wiki, naweka pini kwenye ramani ya ofisini na anayepanga safari anaiona. Na mshtuko mkubwa sana siutumii kumshitaki dereva, naupeleka gereji: gari hili likirudi lipandishwe jeki. Siku utakapokitumia kukata mishahara, madereva watajifunza kukichomoa. Wanajua waya ulipo kuliko aliyeufunga.

---

Mwenye_Dai

Niongeze la fidia, kwa ufupi. Mahali ambapo sheria inaruhusu kumdai mwenye barabara, kesi inashinda au inakufa kwenye swali moja, je, alijua au alipaswa kujua? Uingereza kwa mfano, kifungu cha 58 cha Highways Act ya 1980 kinampa mwenye barabara utetezi akionyesha alikuwa na utaratibu wa kuridhisha wa kukagua na kutengeneza. Kwa hiyo taarifa ya maandishi iliyopelekwa kabla ya gari kuharibika ina uzito kuliko picha kumi za baadaye. Nyie wenye pini kwenye ramani mna hazina, zipelekeni kwa barua kila mwezi na mtunze nakala.

Picha nazo zipigwe kwa akili. Moja ya mbali inayoonyesha mahali, moja ya karibu yenye kitu cha kupimia, futi ikikosekana hata kiatu. Dereva asisimame katikati ya barabara kupiga picha. Na bima, someni kiwango mnachobeba wenyewe kabla hamjadai. Rimu moja mara nyingi haifiki hata hapo, na dai linabaki kwenye historia yenu.

---

Mleta_Mzigo

Asanteni wakuu, nimechukua mengi. @Spana_Namba17 nina vani nyingine inavuta kushoto. Imefanyiwa alaimenti mara mbili na karatasi ya mashine inasema iko sawa. Fundi wangu sasa anataka kubadilisha mikono ya chini yote, ile vyuma vinavyoshika magurudumu. Nimkubalie?

---

Spana_Namba17

Usinunue kitu bado. Badilishana tairi za mbele, ya kushoto ipeleke kulia na ya kulia kushoto, ila angalia kama hazina mshale wa mwelekeo ubavuni. Ukazijaze sawa, ukatembee barabara tambarare. Kama sasa linavuta kulia, mgonjwa ni tairi. Kama bado linavuta kushoto, pima umbali wa kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, pande zote mbili, kwa futi ya kawaida. Zikipishana, kuna kitu kimesukumwa nyuma, hapo ndipo umsikilize fundi wako.

---

Mleta_Mzigo

Mrejesho, siku tatu baadaye.

Tumebadilishana tairi, gari likahamia kulia hapo hapo. Nikalivua lile tairi kwenye rimu. Nje halina nundu wala mkwaruzo. Ndani, karibu na bega, kuna mstari wa mpira uliochubuka unaotosha kuingiza ukucha, na ukibonyeza pale pamelegea kuliko kwingine. Nimelichana ubavu kwa kisu ili lisije likarudi barabarani kwa mlango wa nyuma.

Halafu nikafungua daftari la taarifa kutafuta siku lilipopigwa. Ipo, wiki mbili nyuma. Dereva kaandika saa, mahali, gurudumu la mbele kushoto, mwandiko wake mbaya lakini unasomeka. Pembeni pameandikwa "sawa" na kusainiwa. Saini ni yangu, na kitabu cha gereji siku ile hakina jeki yoyote iliyopanda.